Matanga bila mwitikio

Mjadala wa disko matanga katika Kaunti ya Kilifi umekuwa kama maji ya bahari: hujaa, hupwa, kisha hujaa tena. Maafisa wa utawala hutangaza marufuku, machifu hukusanya watu barazani, vipaza sauti hunaswa usiku mmoja au miwili, magazeti huandika, na baada ya miezi michache hali hurejea ilivyokuwa. Wanaounga mkono marufuku hutaja mimba za wasichana wa shule, ulevi, na watoto wanaokesha nje huku wazazi wao wakidhani wamelala. Wanaoyatetea madisko hayo hujibu kwamba fedha zinazotolewa usiku huo ndizo zinazonunulia jeneza na unga wa wageni, na kwamba maskini hana mahali pengine pa kuzipata. Kila upande una haki yake. Lakini katika kelele zote hizo sijasikia wengi wakiuliza swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo la kwanza: kabla ya disko kuingia matangani, mahali pake palikuwa na nini, na kitu hicho kilikuwa kikifanya kazi gani?

Jibu ni fupi. Palikuwa na kuimba. Kazi ya kuimba huko ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa kuwa naamini tunakipiga marufuku kitu kimoja bila kutambua kwamba kilichokitangulia kimekwisha kufifia, na kwamba mfiwa wa leo anaachwa baina ya kelele na kimya.

Nachukua mfano wa Junju, kusini mwa mji wa Kilifi, mahali pa minazi, mikorosho na mashamba ya mahindi, ambapo wakazi wengi ni Wamijikenda, hasa Wachonyi na Wagiriama. Junju ni jina dogo katika ramani ya Kenya, lakini ni jina kubwa katika majarida ya sayansi ya tiba. Watafiti wa malaria walioko Kilifi, katika kituo cha KEMRI kilichoanzishwa mwaka 1989 kwa ushirikiano na Wellcome Trust ya Uingereza, wamewafuatilia watoto wa Junju mwaka baada ya mwaka, wakapima damu yao, wakahesabu vimelea na siku za homa. Ni kazi ya maana sana, na imeokoa maisha. Hata hivyo hunijia wazo la kisirani kidogo: tunajua mengi mno kuhusu damu ya Junju, na machache mno kuhusu nyimbo zake. Homa ya mtoto ina daftari lake. Huzuni ya mama aliyemzika mtoto haina.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili husema matanga. Kigiriama na ndugu zake husema mahanga. Mwanafunzi wa isimu atatambua mara moja kwamba hili si neno lililoazimwa na upande mmoja kutoka kwa mwingine. Pale Kiswahili kinapokuwa na sauti ya t, lugha za Kimijikenda aghalabu huwa na h: sisi husema tatu, wao husema hahu. Kwa hiyo matanga na mahanga ni neno moja lililorithiwa kutoka kwa mama mmoja, na bila shaka desturi yenyewe ya watu kukusanyika, kulala kwa mfiwa na kukesha naye ni ya zamani kuliko mpaka tunaouchora leo baina ya Mswahili na Mmijikenda.

Lugha hii yetu inahifadhi mambo mengine ambayo wasemaji wake wamekwisha kuyasahau. Twasema mtu analia, na twasema pia kwamba ngoma inalia, zumari inalia, kinanda kinalia. Kitenzi ni kimoja. Mwenye kufiwa na ngoma ya msiba wanafanya tendo moja, ila mmoja anatumia koo na mwingine ngozi iliyowambwa. Twasema pumzi, na katika shina hilohilo tukapata kupumua na kupumzika, kana kwamba mapumziko si kulala bali ni kupumua vizuri. Na neno roho, ambalo tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya nafsi, tulipolipokea tuliliweka kooni: mtu akinyongwa, husemwa amekabwa roho. Sidai kwamba msamiati ni ushahidi wa tiba. Nadai tu kwamba watu waliouunda msamiati huo walikuwa wameona kitu, nao walikiona kwa sababu walikuwa wakikifanya: huzuni hukaba, nayo hukaba mahali palepale panapotoka sauti.

Lakini neno ninaloliona kuwa na uzito kuliko yote hayo ni kuitikia. Nyimbo za matanga, kama nyimbo nyingi za Kiafrika, huwa na anayetoa na wanaopokea. Mmoja huanzisha, kundi huitikia. Tumelizoea jambo hili mpaka tukaliona kuwa ni mtindo tu wa utungaji, kitu cha kuulizwa katika mtihani wa fasihi simulizi: taja sifa mbili za nyimbo. Hebu tulitafakari upya. Katika maisha ya kila siku mtoto akiitwa huitika. Mtu akisalimiwa huitikia. Asiyeitika huhesabiwa kuwa mgonjwa, au ana kiburi, au hayupo. Mauti, kwa lugha nyepesi, ni kuitwa kwa mtu asiitike. Mama huliita jina la mwanawe, na kwa mara ya kwanza hapana sauti inayorudi. Hapo ndipo kundi linapoingia. Mfiwa anapotoa sauti, awe anaimba au analia, watu ishirini au arobaini wanamwitikia. Hawamrudishii mtoto wake, wala hawadai hivyo. Wanamthibitishia kwamba sauti yake bado inafika mahali, kwamba yeye mwenyewe bado yupo miongoni mwa wanaoitwa na kuitikiwa. Mimi huona kwamba tiba yote ya matanga imo humo, na mengine ni mapambo.

Wasomaji vijana wasidhani ninawaeleza habari za wazee watakatifu walioimba kwa unyenyekevu chini ya mwembe. Matanga ya Kimijikenda hayakuwa ya huzuni tupu. Zilikuwamo nyimbo za mzaha, zilikuwamo za kumkejeli marehemu kwa vituko vyake, na zilikuwamo nyingine za matusi hasa, zenye kutaja mambo ya chumbani kwa majina yake. Kifudu, ambayo ni ngoma ya misiba inayohusishwa hasa na wanawake, ina sifa hiyo. Mhubiri akiyasikia maneno hayo huziba masikio, na mtunzi wa vitabu vya kiada huruka ukurasa. Ajabu ni kwamba anayeilaani disko matanga kwa uchafu wake husahau kwamba bibi yake aliimba machafu zaidi usiku kama huohuo. Basi tofauti iko wapi? Iko katika nani anaimba, kwa ajili ya nani, na chini ya ulinzi wa nani. Matusi ya kifudu yalikuwa ya watu wazima, yalikuwa na mahali na saa yake, na shabaha yake ilikuwa kumchekesha mtu aliyekuwa amekataa kula kwa siku mbili. Kicheko na kilio hutoka kwa pumzi moja. Wanawake wale walijua kwamba mtu akishacheka mara moja ataweza kunywa uji.

Nguvu ya nyimbo hizo haikuishia nyumbani kwa mfiwa. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alipowataka Wagiriama wakatae kodi na kupelekwa kazini na serikali ya kikoloni, alikwenda kijiji hata kijiji akiicheza kifudu, ngoma ya msiba, pasipo maiti. Watu walimfuata. Wakoloni waliona mwanamke anayecheza. Waliokuwa wakitazama waliona mtu anayetangaza kwamba taifa zima limefiwa na kwamba wote wanapaswa kuitikia. Alikamatwa mwezi wa Oktoba mwaka huo na kuhamishiwa Kisii, naye akatoroka na kurudi pwani. Tunamsomesha Mekatilili katika somo la historia kama shujaa wa vita. Ni nadra kumsomesha kama mtu aliyeijua kazi ya wimbo.

Kutoka kwa msiba hadi ugonjwa ni hatua moja tu, kwa sababu watu wa pwani hawakuvitenga vitu hivyo viwili. Kitenzi kuganga, kilichotupa mganga na uganga, sote tunakijua katika methali isemayo kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Katika ngoma za kupunga pepo, ambazo Wamijikenda wanazo na Waswahili wanazo, mgonjwa huketishwa katikati, kayamba zikatikiswa na nyimbo zikajaribiwa moja baada ya nyingine: za pepo wa Kiarabu, za pepo wa Kimasai, za pepo wa Kigala, mpaka upatikane wimbo unaomgusa. Mtaalamu wa Kimarekani, John Janzen, katika kitabu chake kuhusu ngoma kilichochapishwa mwaka 1992, alifuatilia desturi za namna hii katika miji ya Kinshasa na Dar es Salaam, na kusini zaidi hadi Cape Town, akaonyesha kwamba neno ngoma lenyewe, katika lugha nyingi za Kibantu, halitaji chombo tu bali tiba inayofanywa kwa kuimba pamoja. Ukiondoa imani ya pepo, ambayo kila msomaji ana msimamo wake juu yake, kinabaki kitu kinachostahili heshima: kundi la watu linakaa usiku mzima na mtu mmoja anayeteseka, likitafuta wimbo utakaomfanya aitikie.

Hapa sina budi kuweka mpaka, na niuweke wazi kwa kuwa nawaandikia walimu. Wimbo hauponyi kila kitu. Mtoto anayekakamaa kwa homa kali, Waswahili huuita ugonjwa wake degedege, na Wamijikenda huutaja nyuni; majina yote mawili ni ya ndege, kwa kuwa wazee waliamini kwamba kiumbe cha angani kimempitia. Watafiti wa Kilifi wameuchunguza sana ugonjwa wa kifafa katika maeneo hayo, wakakuta kwamba zaidi ya nusu ya wenye kifafa kikali hawakuwa wakitumia dawa ipasavyo, na imani za namna hiyo ni miongoni mwa sababu. Mtoto wa namna hiyo anataka hospitali kwanza, tena upesi. Mwalimu atakayemwambia mzazi kwamba kayamba inatosha atakuwa ameshiriki katika madhara. Ninachozungumzia ni lile eneo ambalo hospitali yenyewe husema haina sindano yake: msiba, upweke, aibu, moyo uliovunjika.

Na katika eneo hilo, sayansi ya miaka ya karibuni imeanza kusema mambo ambayo kina mama wa Junju wasingeyaona mageni. Mwaka 2013 Björn Vickhoff na wenzake mjini Gothenburg, Uswidi, waliwapima vijana wa miaka 18 wakiimba pamoja. Wakaona kwamba urefu wa mistari ya wimbo huwalazimisha waimbaji kupumua kwa mpango mmoja, na kwamba mapigo ya mioyo yao huanza kupanda na kushuka kwa pamoja. Mwaka 2015 Eiluned Pearce na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford walilinganisha madarasa ya watu wazima, mengine ya kuimba, mengine ya kazi za mikono na ya uandishi. Kwa muda wa miezi 7 wote walifikia kuwa marafiki, ila walioimba waliukaribia urafiki huo mapema zaidi. Hayo ya Ulaya ni mazuri, lakini mfano unaonivutia zaidi unatoka Gambia. Huko wako wanawake waitwao kanyeleng, waliokosa watoto au waliofiwa nao, ambao wana vyama vyao vya kuimba na wana ruhusa ya kijamii ya kufanya mzaha ambao wengine hawathubutu kuufanya. Watafiti walishirikiana nao kuongoza vikao vya kuimba kwa wajawazito, mara moja kwa juma kwa majuma 6, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kupungua kwa dalili za wasiwasi na huzuni miongoni mwa walioshiriki. Ulikuwa utafiti mdogo wa majaribio, na usipewe uzito kuliko unavyobeba. Lakini tazama ulipoanzia: haukuanza kwa kuleta kwaya kutoka nje, ulianza kwa kuwauliza wanawake waliofiwa wanaimba nini.

Je, dini zimeiua desturi hii? Wako wanaosema hivyo, nami nasema wanarahisisha. Ni kweli kwamba tangu Krapf alipofika pwani mwaka 1844 na kuanza kazi Rabai pamoja na Rebmann, wamishonari waliitazama ngoma kwa jicho baya. Lakini waliowabatiza waliwapa nyimbo nyingine, na watu wakaziimba kwa namna yao. Leo katika mkesha wa Mkristo wa Kilifi, Tenzi za Rohoni hutolewa na mama mmoja asiyehitaji kitabu, na wengine humpokea kabla hajamaliza mstari; mtindo ni uleule wa kale, maneno ndiyo mapya. Uislamu nao haupendelei maombolezo ya kupiga mayowe, lakini una khitma, una dhikri, una maulidi. Lamu, katika msikiti wa Riyadha uliojengwa na Habib Swaleh, maulidi husomwa kwa matari na kwa mwitikio wa umma mzima, ingawa hapo mwanzo wako masheikh waliopinga matari hayo. Junju ina Waislamu, ina Wakristo, na ina wanaozikumbuka koma za mababu. Katika ukoo mmoja unaweza kuwakuta wote watatu wamekaa mkeka mmoja. Wanapishana juu ya nani anayesikia wimbo huko juu. Hawapishani kwamba wimbo unasikika, wala kwamba unaomba kuitikiwa.

Kilichoumiza desturi hii, kwa uchunguzi wangu, ni vitu vitatu ambavyo havikutoka msikitini wala kanisani.

Cha kwanza ni chombo. Kipaza sauti ni mtoaji asiyengoja mwitikio. Mtu mmoja aliyeajiriwa, mara nyingi hata hamjui marehemu, hubonyeza kitufe, na sauti ya mwanamuziki aliye Nairobi au Lagos huwafunika wote. Mfiwa akilia hasikiki. Jirani akitaka kuanzisha wimbo hawezi. Wazee huondoka saa tatu za usiku kwa sababu masikio yanawauma, na wanapoondoka ndio ulinzi niliousema unapoondoka nao. Kiwanja hubaki cha vijana na giza. Ndiyo maana nasema kosa kubwa la disko matanga si muziki wake. Ni kwamba limegeuza waliokuja kuitikia wakawa watazamaji, na likamgeuza mfiwa akawa mwenye ukumbi.

Cha pili kilikuja ghafla. Tarehe 27 Machi 2020 Kenya iliwekewa kafyu kwa sababu ya korona, na mazishi yakawekewa mpaka wa watu 15 wa jamaa ya karibu. Baadaye idadi iliongezwa, lakini kafyu yenyewe haikuondolewa mpaka Oktoba 2021. Siilaumu serikali; ugonjwa ulikuwa wa hewa, na kuimba kwa pamoja kulikuwa miongoni mwa njia za kuueneza. Hata hivyo, kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hapakuwa na mkesha halali katika nchi nzima. Watu walizikwa mchana, upesi, kwa sauti za chini, na waliofiwa wakarudi nyumbani kufunga milango. Shuleni wanafunzi waliporejea darasani Januari 2021, wako waliokuwa wamepoteza baba au nyanya bila kuuona hata usiku mmoja wa watu kukesha nao. Nani aliwauliza? Tuliwauliza wamefikia wapi katika silabasi.

Cha tatu ni kibaya kuliko vyote. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mvi za kichwa zimekuwa hatari, na mara nyingi nyuma ya shutuma hizo umesikika ugomvi wa ardhi. Hali ilifika mahali ambapo huko Kaya Godoma, Ganze, ilibidi pawe na hifadhi ya wazee waliotishiwa na jamaa zao wenyewe. Sasa jiulize nyimbo za mahanga zimo katika kumbukumbu ya nani, na maneno ya kifudu yanajulikana na nani. Jamii inayowawinda wazee wake haiwezi kulalamika kwamba misiba yake imekosa utaratibu, kwa kuwa wenye utaratibu huo ndio inaowafukuza. Mwaka 2008 misitu ya kaya iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na mwaka 2009 mila zinazoambatana nayo zikatajwa kuwa zinahitaji kuhifadhiwa kwa dharura. Miti ina walinzi. Wazee wamebaki kujilinda wenyewe.

Walimu wenzangu watauliza mambo haya yanaingiaje darasani. Yanaingia, na yalikwisha kuingia, ila kwa mlango usiofaa. Tamasha la muziki la Kenya limekuwapo tangu mwaka 1927, na mashindano ya nyimbo za kienyeji yamefanya kazi kubwa ya kuzitunza sauti ambazo zingepotea. Nawavulia kofia walimu wanaobaki shuleni mpaka magharibi wakifundisha bila malipo. Lakini jukwaa la mashindano lina sheria zake. Wimbo wa msiba hupunguzwa uingie katika dakika zilizotengwa, matusi hufutwa, wanafunzi huvalishwa hando zinazofanana, na wimbo uliokuwa ukielekezwa kwa mfiwa huelekezwa kwa mwamuzi mwenye kalamu. Umbo limebaki. Aliyekuwa akiimbiwa ndiye aliyeondoka. Kiswahili kina kitenzi kamili kwa jambo hili: zamani watu waliimbiana, sasa wanaimba.

Mtaala wa umilisi, licha ya lawama zake nyingi, unatupa nafasi ambayo mfumo wa 8-4-4 ulitunyima, kwa kuwa somo lisilotahiniwa zamani halikufundishwa. Katika madarasa ya chini lugha ya mama inaruhusiwa. Katika sekondari pevu upo mkondo wa sanaa na michezo. Kazi za mradi zinadai mwanafunzi atoke nje ya darasa. Basi mwanafunzi wa Junju, au wa Takaungu, au wa Chasimba, kwa nini asitumwe wakati wa likizo ya Agosti akakae na nyanya yake kwa jioni tatu, aandike jina la wimbo mmoja, ulikuwa ukiimbwa saa ngapi ya usiku, na nani alikuwa na haki ya kuuanzisha? Simu iliyo mfukoni mwake ina kinasa sauti bora kuliko vile tulivyovibeba sisi begani tulipokuwa wanafunzi. Na shule inapopata msiba wa mwanafunzi au mwalimu, jambo ambalo halikosi kutokea, kwa nini nusu saa ya gwaride itolewe kwa hotuba tano na wimbo usipewe hata dakika kumi, wenzake marehemu waimbe wanachokijua, cha kanisa au cha kaswida au cha nyumbani?

Kuhusu disko matanga zenyewe, marufuku peke yake haitafaulu kwa sababu haijibu hoja ya fedha wala hoja ya kimya. Mchango unaweza kukusanywa mchana, kwa daftari, mbele ya wazee, kama ulivyokuwa. Kipaza sauti kizimwe saa tatu, na baada ya hapo kiwanja kiachiwe koo za watu. Machifu wa Kilifi wanaweza kulijaribu hilo katika kata moja kwa mwaka mmoja, wakalinganisha.

Liko jambo moja zaidi ambalo wanafunzi watakaokwenda kurekodi wanapaswa kulijua. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi inatambua kwamba nyimbo kama hizi ni mali ya jamii iliyozitunga, na inazipa serikali za kaunti wajibu wa kuziandikisha. Kwa hiyo rekodi isitupwe mtandaoni kabla ya kuomba ruhusa, na nakala ibaki kijijini. Aidha, nyimbo nyingine huogopwa kuimbwa pasipo msiba, na kisa cha Mekatilili kinatuonyesha jinsi jambo hilo lilivyokuwa zito. Nyanya akikataa kuuimba, asibembelezwe. Aombwe aeleze tu ni nani aliyekuwa akianzisha, na wengine walikuwa wakiitikia vipi.